Modeli za maabara za upungufu wa alfa-1 antitripsini: tathmini kwa mnunuzi aliye Uganda

Anayetaka kununua modeli (yaani mnyama au seli zinazouiga ugonjwa) ya upungufu wa alfa-1 antitripsini, protini inayoyalinda mapafu, na aamue kwanza kama anachunguza ini au mapafu, kwa sababu katika bidhaa ninazozitathmini hapa kwa kina hakuna hata moja inayompa vyote viwili kama mgonjwa anavyovipata. Matangazo ya wauzaji hayalisemi jambo hilo waziwazi. Huandika "modeli ya ugonjwa" kana kwamba ugonjwa ni mmoja, ilhali ni maradhi mawili yanayotokana na jeni moja, nayo huuharibu mwili kwa njia mbili zinazopingana: mapafu huumia kwa kukosa protini, na ini huumia kwa kulemewa na protini hiyo hiyo. Tathmini hii nimewaandikia wenzangu wa maabara za Kampala, Entebbe na Mbarara, hasa wanaosimamia wanafunzi wa uzamili na wanaoulizwa ni modeli ipi iandikwe kwenye pendekezo la utafiti.

Jeni yenyewe ni SERPINA1, iliyo kwenye kromosomu ya 14. Kwa maelekezo yake ini hutengeneza protini ya asidi amino 394, ambayo husafiri katika damu hadi mapafuni na huko huizuia elastasi, kimeng'enya kinachomwagwa na nyutrofili, aina ya seli nyeupe za damu, zinapopambana na vijidudu. Carl-Bertil Laurell na Sten Eriksson wa Malmö, Uswidi, waliitangaza kasoro hii mwaka 1963 baada ya kuona kwamba katika vipimo vya damu vya watu wachache utepe wa protini hiyo haukuwepo, na kwamba baadhi yao walikuwa na emfisema, yaani kubomoka kwa vifuko vya hewa vya mapafu, wangali na umri mdogo. Mwaka 1969 Harvey Sharp na wenzake wakaonyesha kwamba watoto wenye upungufu huo wanaweza kupata sirosisi ya ini, yaani makovu makubwa yanayoliharibu. Aina ya Z, ambayo ndiyo iliyomo katika modeli nyingi zinazouzwa, ni badiliko la herufi moja tu ya jeni, na matokeo yake ni kwamba katika nafasi ya 342 glutamati hutoka na lisini huingia. Protini hiyo hujikunja vibaya, molekuli moja huchomeka kitanzi chake ndani ya nyingine, na mnyororo unaoundwa hukwama ndani ya seli ya ini badala ya kutoka kwenda kwenye damu. Utaratibu huo ulielezwa na David Lomas na wenzake mwaka 1992. Mwenye nakala mbili za Z hubaki na takriban asilimia 10 hadi 15 tu ya kiwango cha kawaida katika damu yake.

Bidhaa inayostahili kuangaliwa kwa makini zaidi ni panya wa PiZ. Ni panya mdogo wa maabara aliyeingizwa kipande cha DNA ya binadamu chenye jeni ya Z, na ripoti yake maarufu ilitoka mwaka 1989. Ukilikata ini lake, ukaondoa glaikojeni (sukari ya akiba ya seli) kwa kimeng'enya cha diastesi kisha ukapaka rangi ya PAS, utaona ndani ya seli matone ya mviringo ya rangi ya waridi iliyokolea. Mengine ni madogo yasiyoonekana vizuri mpaka utumie lenzi ya mafuta, na mengine yamekua hadi kukisukuma kiini cha seli pembeni. Matone hayo ndiyo hasa anayoyatafuta mtaalamu wa patholojia katika kipande cha ini la mgonjwa. Kwetu hili ni jambo la maana, kwa sababu PAS ni rangi ambayo maabara nyingi za histolojia tayari zinaijua na haihitaji mashine ya bei kubwa. Aliyeishiwa diastesi anaweza kutumia mate, kwa kuwa yana amilesi inayokula glaikojeni vile vile. Ni mbinu ya zamani ya mafundi wa histolojia, wala haina aibu yoyote mradi kuna slaidi ya ulinganisho iliyopitia hatua zile zile.

Panya huyu amefanya kazi ya kweli. Mwaka 2010 ilionyeshwa kwamba karbamazepini, dawa ya kifafa iliyozoeleka katika hospitali zetu, huchochea seli kuzila na kuzimeng'enya protini zilizokwama, na ikapunguza mzigo wa Z pamoja na makovu katika ini la PiZ. Msomaji mwangalifu atatambua kwamba kipimo walichopewa panya kwa kila kilo ya uzito kilikuwa kikubwa mara nyingi kuliko anachomeza mgonjwa wa kifafa, na ndiyo sababu tokeo la panya halipaswi kugeuzwa kuwa ushauri wa kliniki. Mfano ulio imara zaidi ni fazirsiran, dawa inayoinyamazisha jeni hiyo ndani ya ini kwa njia ya RNA. Njia hiyo ilijaribiwa kwanza kwa PiZ, na mwaka 2022 zikatolewa takwimu za wagonjwa 16 wenye nakala mbili za Z, ambao protini iliyokuwa imejilimbikiza katika maini yao ilipungua sana, kwa kiwango cha kati cha asilimia 83. Modeli inayotabiri vizuri namna hiyo kuhusu ini haipatikani kila siku, nami kwa swali la ini ningeipa alama nne kati ya tano. Alama ya tano inakatwa kwa sababu makovu ya ini lake ni hafifu yakilinganishwa na ya mgonjwa mwenye sirosisi, na kwa sababu amewekewa nakala nyingi za jeni ya binadamu, kwa hiyo mzigo anaoubeba haulingani na wa mtu mwenye nakala mbili.

Kasoro kubwa iko kwingine. Panya wa PiZ hakunyang'anywa antitripsini yake mwenyewe. Binadamu ana jeni moja ya SERPINA1, lakini panya wa ukoo wa C57BL/6 ana tano za namna hiyo, na bado zinaendelea kumlinda. Mapafu yake kwa hiyo hayana shida yoyote inayotokana na upungufu. Hapo ndipo tangazo la muuzaji linapoweza kumpotosha mwanafunzi, maana dawa inayoinyamazisha jeni hupunguza protini katika damu kwa kadiri inavyolisafisha ini, na swali la kwanza ambalo daktari wa kifua angeuliza ni mapafu yatalipa gharama gani. Panya wa PiZ hawezi kulijibu swali hilo. Mtafiti anaweza kumchunguza mwaka mzima, akapata picha nzuri za ini, na bado asiwe na neno hata moja la kusema kuhusu mapafu.

Kwa mapafu historia ilianza na dawa ya kulainishia nyama. Katikati ya miaka ya 1960 papaini, kimeng'enya cha utomvu wa papai, iliwekwa katika njia ya hewa ya panyabuku, na vifuko vyao vya hewa vikabomoka kama vya mgonjwa wa emfisema. Ugunduzi huo, ukiunganishwa na ule wa Malmö, ndio uliojenga wazo kwamba pafu linasimama kwa mizani kati ya vimeng'enya vinavyobomoa na protini zinazovizuia. Njia hiyo bado inatumika, siku hizi kwa kawaida kwa elastasi ya kongosho la nguruwe, na kwa bei haina mpinzani: panya wa kawaida, kimeng'enya cha chupa, na mkono uliozoea kukiweka kwenye koo bila kumuua mnyama. Lakini ni jeraha la siku moja. Halirithiwi, halitokani na SERPINA1, na anayeliita modeli ya ugonjwa huu katika andiko lake ajitayarishe kuulizwa na wakaguzi.

Kilichokuwa kinasubiriwa kilifika mwaka 2018, pale watafiti walipotumia CRISPR, zana ya kuhariri jeni, kuziondoa jeni zote tano za panya. Wanyama hao hupata emfisema wenyewe kadiri wanavyozeeka, bila kuvutishwa moshi wala kuwekewa kimeng'enya, na mapafu yao huharibika zaidi yakichokozwa kwa sumu ya ukuta wa bakteria. Hiyo ndiyo bidhaa ninayoipendekeza kwa swali la mapafu, na ninaipendekeza hasa kwa sababu ya mazingira yetu. Utafiti wa FRESH AIR uliofanywa wilayani Masindi na kuchapishwa mwaka 2015 ulipima watu 588 na kukuta ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa kwa asilimia 16.2 yao, wakiwemo watu wengi wasiofika hata umri wa miaka 40, katika jamii ambayo karibu kila mtu hupikia kuni au mkaa. Simaanishi kwamba Masindi kuna upungufu wa antitripsini. Aina ya Z ina asili ya Ulaya ya kaskazini na ni adimu sana barani Afrika. Nasema tu kwamba panya asiye na kinga hiyo, akiwekwa kwenye moshi wa kuni badala ya moshi wa sigara, angejibu swali ambalo maabara ya Uganda ina sababu ya kulijali kuliko maabara ya Boston. Kinachokosekana kwake ni kile ambacho PiZ anacho: hana Z, kwa hiyo ini lake ni zima kabisa. Kuwazalisha pamoja aina hizi mbili kunawezekana, lakini mwenye vizimba vichache atatumia muda mrefu akipima jeni za watoto wa panya kabla ya kuanza jaribio lenyewe.

Kuna pia fereti (wanyama wadogo wala nyama wa jamii ya vicheche) waliohaririwa jeni, ambao ripoti yao ilitoka mwaka 2022 na ambao mapafu yao yanafanana na ya binadamu kuliko ya panya. Ni kazi nzuri ya kisayansi, lakini sioni nani hapa atakayewafuga.

Nije kwenye seli. Hapa nina upendeleo, nao msomaji auzingatie: nafundisha kukuza seli, na huwa naona mnyama anaagizwa mapema mno. Seli shina zinazotengenezwa kutokana na ngozi ya mgonjwa zilionyeshwa mwaka 2010 kuwa zinaweza kugeuzwa kuwa seli zinazofanana na za ini na kuonyesha mlundikano wa Z, na mwaka 2011 kundi jingine likairekebisha herufi iliyoharibika katika nakala zote mbili za jeni na kuonyesha kwamba seli zilizotokana nazo zinaitoa protini kama kawaida. Faida ya bidhaa hii haipatikani kwa mnyama yeyote: seli mbili zinazotofautiana kwa herufi moja, moja ya mgonjwa na nyingine ile ile iliyorekebishwa, ukizikuza kwenye sahani moja. Jambo jingine ni tofauti kati ya mgonjwa na mgonjwa. Uswidi iliwapima watoto wachanga 200,000 kati ya mwaka 1972 na 1974, ikawapata 127 wenye nakala mbili za Z, na ni sehemu ndogo tu yao waliopata ugonjwa mkubwa wa ini utotoni. Panya wa PiZ, ambao ni kama pacha wote, hawawezi kueleza kwa nini. Seli za wagonjwa zinaweza kuanza kueleza, na mwaka 2015 zilionyesha kwamba waliopata ugonjwa mkali wa ini na wasioupata hutofautiana katika uwezo wa seli zao kuiondoa Z.

Kasoro zake anazijua kila aliyezikuza. Seli hizi hutaka kubadilishiwa chakula kila siku, Jumapili ikiwemo. Matrigel, utelezi wa protini wa kuzishikiza kwenye sahani, huganda ikipata joto la chumba, kwa hiyo pipeti na mirija vyote vipoozwe kabla, na anayefanya taratibu kwenye meza yenye joto la mchana hubaki na donge lisilomwagika. Safari ya kuzigeuza kuwa seli za ini huchukua wiki tatu au zaidi, na umeme ukikatika usiku, inkubeta isiyo na betri ya akiba hupoteza joto la nyuzi 37 na wiki zote hizo pamoja nalo. Hata zikifika mwisho salama hubaki changa: bado hutoa protini za ini la kijusi, na vimeng'enya vyake vya kusaga dawa ni dhaifu, hivyo sumu ya dawa haipimwi kwazo kwa uhakika. Na kwa kuwa ni seli za ini peke yake, haziwezi kuonyesha kifuko cha hewa kinachobomoka.

Kuhusu huduma ya usafirishaji, ambayo nayo ni sehemu ya bidhaa, sina sifa ya kutoa. Kampuni moja niliyoitumia ilituletea seli katika barafu kavu ambayo ilikuwa imekwisha kabisa kabla boksi halijatoka kwenye ghala la uwanja wa ndege, na karatasi ya ushuru iliyowazuia ilikuwa ile ambayo wao wenyewe walipaswa kuiambatisha. Seli hazikuota. Tangu hapo nasisitiza zitumwe katika chombo kikavu cha naitrojeni, ambacho huhifadhi ubaridi kwa siku nyingi zaidi, hata kama bei inapanda. Naitrojeni yenyewe ikifika hapa si tatizo kama wengi wanavyodhani, maana Entebbe inatengenezwa kwa ajili ya kuhifadhi mbegu za ng'ombe za kupandikiza, na maabara ya tiba inaweza kuomba kujaziwa mtungi.

Asiye na fedha ya seli shina aanze na HepG2, seli za saratani ya ini ambazo zenyewe hutoa antitripsini ya kawaida, na aziingizie jeni ya Z. Zinakua haraka, zinasamehe makosa, na mwanafunzi atajifunza nazo kupima protini iliyobaki ndani na iliyotoka nje kwa siku chache. Ila ni seli za saratani, zilizozoea kuishi kwa shida, na uvumilivu wao kwa protini iliyokwama usichukuliwe kuwa ndio wa ini la mtoto.

Bidhaa ambayo naona inapuuzwa isivyo haki ni mnyoo Caenorhabditis elegans. Ana urefu wa milimita moja, hula bakteria waliopandwa kwenye sahani ya agari, huishi vizuri kwenye nyuzi 20 hivi, na Kampala, iliyo kwenye mwinuko wa takriban mita 1,200, haihitaji kazi kubwa ya kupoza chumba ili kumridhisha. Baada ya siku tatu au nne yai limekuwa mnyoo mzima. Wapo waliowekewa Z ya binadamu iliyounganishwa na protini inayong'aa kijani, na kwa kuwa mwili wa mnyoo unapitisha mwanga, mlundikano huonekana ndani ya utumbo wake akiwa hai, kama vitone vya kijani vilivyojipanga pande mbili. Mwaka 2010 mfumo huu ulitumiwa kuchuja dawa nyingi kwa pamoja, na mwaka 2014 mojawapo ya dawa zilizojitokeza, flufenazini, dawa ya zamani ya maradhi ya akili, ikathibitishwa kupunguza Z hata katika panya wa PiZ. Mnyoo hana ini wala mapafu, na hilo liandikwe katika ukurasa wa kwanza wa pendekezo. Ana kitu kimoja tu, yaani seli hai inayopambana na protini iliyojikunja vibaya, lakini kitu hicho anakionyesha kwa gharama ambayo idara ya kawaida inaweza kuimudu, na akiwekwa kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri hungoja mpaka ruzuku nyingine ipatikane. Hamira iko katika kundi hilo hilo. Ilisaidia mwaka 1996 kuonyesha kwamba Z iliyokwama hupelekwa kuvunjwa kwenye proteasomu, mtambo wa seli wa kuvunja protini, ila kwa mtu anayeanza leo mnyoo ana mengi zaidi ya kumwonyesha kwa macho.

Ushauri wangu kwa maabara ya Kampala yenye bajeti ya kawaida ni mnyoo na HepG2 mwaka wa kwanza, seli shina pamoja na pacha wake aliyerekebishwa mwaka wa pili iwapo umeme wa akiba upo, na panya baadaye, kwa ushirikiano na mahali penye vizimba vinavyokidhi masharti. Kibali cha Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, UNCST, kiombwe mapema, kwa kuwa kazi ya wanyama hupitia kamati ya maadili ya taasisi kabla ya kufika huko. Kuna panya wa PiZ wasio na kinga ya mwili, wanaofaa kupandikizwa seli za ini la binadamu. Hao wanahitaji hewa iliyochujwa na chakula kilichotakaswa, na sipendekezi wanunuliwe na yeyote ambaye bado anafuga panya katika chumba chenye madirisha ya wavu.

Kabla ya kulipa, mwandikie muuzaji umuulize mambo ambayo tangazo lake huyaacha nje. Kwa panya, uliza ni nakala ngapi za jeni ya binadamu alizonazo, amezalishwa katika ukoo gani, na kama jeni zake mwenyewe bado zinafanya kazi. Kwa seli, omba picha ya kromosomu ya karibuni, cheti cha kutokuwa na mikoplazma (bakteria wadogo wanaochafua seli zinazokuzwa), na asili ya mgonjwa aliyetoa ngozi, kwa sababu nyingi zimetoka kwa watu wa asili ya Ulaya na mhakiki wa Uganda atataka kujua. Na mkataba wa kuhamisha seli usainiwe na chuo, si na mhadhiri peke yake, ama sivyo boksi litakaa forodhani huku watu wakitafuta nani mwenye mamlaka ya kulipokea.